Upasuaji wa Unene: Nafuu ya Mwili na Nafuu ya Mfuko



Wengi wetu tumewahi kuuguza hospitalini. Tunajua jinsi ndugu mmoja anavyoacha shamba au genge lake na kwenda kukaa mjini wiki nzima. Asubuhi anabeba chupa ya chai, mchana anapanga foleni ya dawa, usiku anatafuta pa kuweka kichwa. Huku nyumbani watoto wanabaki na bibi, na michango ya ukoo na ya jumuiya inakwisha kidogo kidogo.

Pamoja na taabu hiyo, tumezoea kuamini kwamba mgonjwa aliyepasuliwa akilala sana wodini ndiyo ametunzwa vizuri. Akiruhusiwa mapema tunanung'unika: "Wamemfukuza kabla hajapona!"

Mwezi huu tunapenda kuitazama imani hiyo kwa kutumia mfano mmoja, yaani upasuaji wa kupunguza unene wa kupindukia. Katika nchi nyingi mgonjwa wa upasuaji huu sasa hurudi nyumbani siku ya kwanza au ya pili baada ya kupasuliwa. Swali letu ni hili: Je, huko ni kupona mapema au ni kubana matumizi kwa kumwumiza mgonjwa? Na kama kuna fedha inayookolewa, inaokolewa wapi, na inabaki mfukoni mwa nani?

TUNAZUNGUMZIA UPASUAJI GANI?

Zamani kidogo, ukurasa wa afya kama huu ulizungumzia zaidi utapiamlo wa kukosa chakula. Utapiamlo huo bado upo. Lakini hesabu ya kitaifa ya afya iliyofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ilionyesha kwamba wanawake 28 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Unene wa namna hiyo huleta kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya magoti na kukatika pumzi usingizini.

Waganga hupima unene kwa kugawanya uzito wa mtu kwa urefu wake uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 103 anapata kipimo cha 40 na kidogo. Akiwa na kilo 90 anapata 35. Tangu mwaka 1991 upasuaji ulishauriwa kwa mwenye kipimo cha 40, au 35 ikiwa ana magonjwa yanayotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kiwango hicho hadi 35 hata bila ugonjwa mwingine. Kwa hiyo si kila mwenye kitambi anahusika! Kwa wengi wetu dawa ni kupunguza sukari na mafuta, na kutembea kwa miguu.

Njia zinazotumika sana ni mbili. Ya kwanza ni kukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, ukabaki kama mrija mwembamba. Ya pili ni kutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo mwembamba, ili chakula kipite njia fupi. Siku hizi zote mbili hufanywa kwa matundu madogo, kwa msaada wa kamera, bila kupasua tumbo lote. Katika Afrika Mashariki upasuaji huu unafanyika, kwa mfano katika hospitali za binafsi za Nairobi. Msomaji asiuchanganye na huduma ya kuweka puto tumboni, ambayo imekuwa ikitolewa na Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila. Puto si upasuaji, na huondolewa baada ya muda.

MPANGO WA KUPONA MAPEMA ULIANZIA WAPI?

Katika miaka ya 1990 daktari mpasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, alijiuliza swali lililo rahisi kulitamka: Huyu niliyempasua vizuri, ni kitu gani hasa kinachomzuia kwenda nyumbani leo? Alipochunguza aliona kwamba mara nyingi jibu halikuwa kidonda. Yalikuwa ni maumivu, kichefuchefu, mwili kulegea kwa kulala mno, tumbo kuchelewa kuanza kazi, na mipira na dripu zilizomfunga kitandani. Mengi ya hayo yalisababishwa na mazoea ya hospitali yenyewe.

Alipoyarekebisha hayo yote kwa pamoja, wagonjwa wake wa utumbo mpana, ambao kwa desturi walilala wiki moja hadi siku 10, waliweza kuondoka baada ya siku 2 au 3. Mwaka 2001 madaktari wengine wa Ulaya, wakiwemo Ken Fearon wa Uskoti na Olle Ljungqvist wa Sweden, waliunda kikundi cha kuendeleza kazi hiyo, na mwaka 2010 kikazaliwa chama cha kimataifa kijulikanacho kwa kifupi kama ERAS. Mwongozo wa chama hicho kwa upasuaji wa unene ulitolewa mwaka 2016, na baadaye ukafanyiwa marekebisho.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Mpango huu hauendi kinyume cha methali hiyo. Hauharakishi mgonjwa, huondoa vinavyomchelewesha. Mgonjwa ambaye hajawa tayari haruhusiwi, hata kama siku zilizopangwa zimepita.

HATUA ZAKE NI ZIPI?

1. Kabla ya upasuaji. Kazi huanza nyumbani, wiki kadhaa kabla. Mgonjwa anafundishwa yatakayompata siku kwa siku, na afadhali awe pamoja na atakayemuuguza. Anatakiwa kuacha sigara angalau wiki 4 kabla, maana sigara huharibu mapafu na kuchelewesha kidonda kupona. Pombe nayo iachwe. Kwa wiki 2 hadi 4 anakula chakula chenye nguvu ndogo, kwa maagizo ya hospitali. Sababu yake wengi hawaijui: ini la mtu mnene hujaa mafuta, likavimba na kulifunika tumbo. Chakula hicho hulipunguza, na mpasuaji anaona vizuri na kufanya kazi kwa usalama zaidi.

2. Kufunga kula. Tumezoea agizo la "usile wala kunywa chochote tangu usiku wa manane". Mgonjwa anafika chumba cha upasuaji saa 8 mchana akiwa na kiu, njaa na kizunguzungu. Miongozo ya sasa husema chakula kikomeshwe saa 6 kabla ya nusukaputi, lakini vinywaji vyepesi visivyo na maziwa wala makapi, kama maji au chai ya rangi, huruhusiwa hadi saa 2 kabla. Hapa ndugu wawe waangalifu sana! Tunasema mgonjwa haulizwi uji, lakini siku hiyo uji ni chakula, wala si maji, na chai ya maziwa vilevile. Uji ukirudi kutoka tumboni wakati wa usingizi unaweza kuingia mapafuni na kuua. Aidha, wapo wagonjwa, kama baadhi ya wenye kisukari, ambao tumbo lao huchelewa kumwaga chakula. Hao hufuata agizo lao maalum. Neno la mtaalamu wa usingizi ndilo la mwisho.

3. Wakati wa upasuaji. Hutumika dawa za usingizi zinazoisha mwilini mapema, ili mgonjwa aamke vizuri. Maumivu huzuiwa kwa kuchanganya dawa kadhaa, kama parasetamo na ganzi katika vidonda, ili mofini itumike kidogo iwezekanavyo. Mofini ni dawa nzuri, lakini huleta kichefuchefu, hufunga choo, na hupunguza kasi ya kupumua. Kwa mtu mnene anayekatika pumzi usingizini hilo ni la hatari. Dawa za kuzuia kutapika hutolewa mapema, bila kungoja mgonjwa atapike. Mpira wa puani, mpira wa mkojo na mirija ya kutolea maji tumboni haviwekwi kwa mazoea tu, bali kwa sababu maalum.

4. Baada ya upasuaji. Siku hiyo hiyo mgonjwa huinuliwa, hukaa kwenye kiti na kutembea hatua chache. Hii si adhabu. Damu ya mtu mnene aliyelala bila kusogea huganda upesi miguuni, na bonge la damu likipanda mapafuni linaweza kumwua ghafla. Kwa hiyo hutembezwa, na pia huchomwa sindano za kuzuia damu kuganda. Baada ya saa chache huanza kunywa maji kwa funda ndogo ndogo. Akiweza kunywa, dripu hutolewa. Dripu ikitoka, anatembea zaidi. Hatua moja huifungulia njia ya pili.

USHAHIDI UNASEMAJE?

Katika jiji la Auckland, New Zealand, madaktari waliwagawa kwa kura wagonjwa waliokuwa wanakatwa sehemu ya tumbo. Wengine walifuata mpango huu na wengine wakatunzwa kwa njia ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Katika kundi la mpango, mgonjwa wa katikati alilala siku 1. Katika kundi la kawaida siku 2. Madaktari waliangalia pia wagonjwa waliopasuliwa kabla ya utafiti kuanza, na hao walikuwa wamelala siku 3. Gharama ya wastani kwa mgonjwa wa mpango ilikuwa ndogo kuliko ya wale wa awali. La muhimu zaidi ni kwamba waliorudi nyumbani mapema hawakupata madhara mengi kuliko wenzao, wala hawakurudishwa hospitalini mara nyingi zaidi.

Nchini Marekani hospitali 36 zilijiunga kuujaribu mpango kama huu. Kabla yake, wagonjwa 8 hivi katika kila 100 walikuwa wanalala siku 4 au zaidi. Baada yake walipungua hadi kati ya 4 na 5 katika kila 100, na huko nako wanaorudi wodini hawakuongezeka.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Gharama nzito katika upasuaji haiko kwa mgonjwa aliyekwenda salama, bali kwa yule aliyekwama: aliyepata homa ya mapafu, aliyeganda damu, au aliyetapika mpaka akaishiwa maji. Mgonjwa mmoja anayelala wiki mbili katika chumba cha uangalizi maalum anaweza kumeza akiba iliyopatikana kwa wengi. Mpango huu huleta akiba kwa kuyazuia hayo, pamoja na kuondoa vitanda vya bure na vifaa visivyohitajika.

FEDHA INABAKI MFUKONI MWA NANI?

Hapa yatupasa kusema ukweli wote, maana hesabu ya hospitali na hesabu ya familia ni vitu viwili.

Kwa hospitali, sehemu kubwa ya gharama ni chumba cha upasuaji chenyewe, dawa za usingizi, na hasa vifaa vya kukatia na kubania tumbo kwa pini, ambavyo hutumika mara moja na kutupwa. Mpango wa kupona mapema haupunguzi hayo. Hupunguza siku za kitanda. Na kitanda kikibaki kitupu, mshahara wa muuguzi haupungui. Akiba ya kweli hupatikana pale kitanda kile kinapompokea mgonjwa mwingine aliyekuwa akingoja. Wodi ya vitanda 20, kila mgonjwa akilala siku 4, huweza kupokea wagonjwa 140 kwa siku 28. Wakilala siku 2 huweza kupokea 280, ikiwa wapasuaji na wauguzi wapo wa kutosha.

Kwa familia, tufanye hesabu ya mfano tu. Bei hizi ni za kujifunzia, wala si za hospitali yoyote. Tuseme siku moja wodini hugharimu shilingi 80,000 kwa kitanda, dawa na vifaa, na ndugu anayeuguza hutumia shilingi 20,000 kwa chakula na malazi. Jumla ni shilingi 100,000 kwa siku. Mgonjwa akilala siku 2 badala ya 5, familia imeokoa shilingi 300,000.

Lakini tuseme mgonjwa anatoka mbali, na daktari anataka akae karibu kwa siku 5 kwa ajili ya uangalizi. Nyumba ya wageni na chakula cha watu wawili ni shilingi 30,000 kwa siku, yaani 150,000. Akiba imebaki 150,000. Bado ni akiba.

Sasa tuseme hakufundishwa namna ya kunywa, akasafiri siku ile ile, akafika nyumbani akatapika siku mbili. Inakodiwa gari kwa shilingi 250,000 kumrudisha, naye analazwa siku 2 kwa shilingi 200,000. Jumla 450,000. Akiba ya 300,000 imekwisha yote, na familia imeongeza 150,000 juu yake, mbali na hatari ya mgonjwa mwenyewe.

Mnaona basi, wapenzi wasomaji, kwamba akiba haitokani na kuondoka mapema peke yake. Kuondoka mapema bila matayarisho ni kuhamisha gharama kutoka wodini na kuitwisha familia. Mara nyingi anayeubeba mzigo huo ni mama au binti anayeuguza, ambaye siku zake za kazi haziandikwi katika hesabu ya mtu yeyote.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Kabla ya kuuza ng'ombe au kiwanja, familia ikae na hospitali na kuuliza bila woga:

– Bei tuliyotajiwa inajumlisha nini? Ni bei moja ya jumla, au kila siku ya kitanda inalipiwa? Ikiwa ni bei ya jumla, siku zikipungua je, tunapunguziwa? Mara nyingi akiba hiyo hubaki hospitalini.

– Yakitokea matatizo, nani analipa upasuaji wa pili na chumba cha uangalizi maalum?

– Bima yetu inagharimia sehemu gani, na tupate jibu hilo kwa maandishi?

– Mgonjwa atatimiza masharti gani ndipo aruhusiwe? Jibu zuri si "siku ya pili", bali ni: anakunywa bila kutapika, anatembea mwenyewe, maumivu yanatulizwa kwa dawa za kumeza, hana homa, na mapigo ya moyo na pumzi ni ya kawaida.

– Nani atampigia simu kesho yake, na sisi tumpigie nani usiku wa manane?

– Hospitali iliyo karibu na nyumbani kwetu imepewa barua ya kueleza alichofanyiwa?

Hospitali isiyoweza kujibu maswali haya haijawa na mpango wa kupona mapema. Ina mpango wa kuruhusu mapema tu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

MGONJWA AKISHAFIKA NYUMBANI

Anywe funda ndogo ndogo kutwa nzima, akilenga lita moja na nusu kwa siku. Asigide. Chakula hurudi hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa: kwanza vya maji, kama supu iliyochujwa, kisha vilivyopondwa laini, na mwisho vigumu kidogo kidogo. Kila mlo utangulize chakula cha kujenga mwili, kama maharage yaliyopondwa, mayai, samaki au maziwa. Lengo ni gramu 60 za protini kwa siku, au zaidi akiagizwa. Jirani mwema anayeleta sahani ya ugali siku ya nne ashukuriwe, lakini sahani iliwe na wengine!

Atembee kila siku. Amalize sindano zake za kuzuia damu kuganda kama zilivyoandikwa. Mwenye kisukari apime sukari mara kwa mara, kwa sababu sukari hushuka upesi baada ya upasuaji huu. Akiendelea na dozi ile ile ya insulini anaweza kuzirai. Dozi ibadilishwe na daktari, si na mgonjwa mwenyewe.

Asinunue dukani dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni au aspirini. Hizo zinaweza kuchoma kidonda tumboni, hasa kwa aliyeunganishwa tumbo na utumbo. Mama asishike mimba kabla ya miezi 12 hadi 18 kupita, na wazazi wote wawili walizungumze jambo hilo na daktari kabla ya upasuaji.

Arudishwe hospitalini mara moja akiona mojawapo ya dalili hizi:

– mapigo ya moyo yanazidi 120 kwa dakika hali amepumzika;
– homa, au maumivu ya tumbo yanayoongezeka au kupanda begani;
– pumzi fupi au maumivu ya kifua;
– mguu mmoja umevimba na kuuma;
– anatapika na hakai na maji;
– anatapika damu au anapata choo cheusi kama lami.

Mshono wa ndani ukivuja, mara nyingine huonekana baada ya siku kadhaa, mgonjwa akiwa amekwisha kwenda nyumbani. Mapigo ya moyo kwenda mbio huweza kutangulia dalili nyingine zote. Yafaa mtu mmoja nyumbani ajue kuhesabu mapigo kwa saa ya mkono. Kujifunza hakugharimu hata senti moja, na kunaweza kuokoa maisha.

GHARAMA ISIYOPUNGUA

Kuna gharama moja ambayo mpango huu hauigusi, nayo ni ya maisha yote. Tumbo lililopunguzwa halipati tena virutubisho vya kutosha kutoka kwa chakula peke yake. Mgonjwa atahitaji vidonge vya vitamini na madini kila siku, hasa madini ya chuma, kalsiamu, vitamini B12 na D, pamoja na kupimwa damu kila mwaka. Anayetapika sana katika wiki za mwanzo huweza kuishiwa vitamini B1, akapata ugonjwa wa mishipa ya fahamu usiopona kirahisi. Familia iliyochanga fedha ya upasuaji lakini haikufikiria fedha ya vidonge vya mwaka wa pili imejenga nyumba isiyo na paa.

Basi tunarudi kwenye swali letu la mwanzo. Kurudi nyumbani siku ya pili si kufukuzwa, ikiwa mgonjwa ametayarishwa wiki kadhaa kabla, maumivu yake yamezuiwa vizuri, ametembea, amekunywa, na kuna simu inayopokelewa usiku. Huko ni kupona, na ndiko kunakopunguza gharama. Lakini akirudishwa siku ya pili bila hayo yote, familia italipa baadaye yale ambayo hospitali haikutaka kulipa mapema.

Na somo hili si la wanene peke yao. Mpango kama huu umeandaliwa pia kwa upasuaji wa uzazi, wa utumbo na wa nyonga. Siku utakapomuuguza mama yako au mkeo aliyepasuliwa, usihesabu tu siku alizolala. Uliza: amekunywa saa ngapi, ameinuka saa ngapi, na mpira huu bado una kazi gani? Muuguzi mwema hatakasirika ukimwuliza. Atafurahi kuona kwamba ndugu wa mgonjwa naye anaijua kazi.